Makosa ya DRC: Sifuri

Kupanga via kwa mkono kwenye mchoro wa chipu ni kazi ya kukausha macho. Njia za umeme umeshazichora, tabaka la metali ya 3 linakwenda huku, la metali ya 4 linakatiza juu yake, na kila VDD, njia ya umeme chanya, inapokutana na VDD mwenzake lazima ushushe via, vile vijiti vya metali vinavyopenya tabaka la kuhami na kuunganisha ya juu na ya chini. Wala kimoja hakitoshi. Kina ukinzani wake, na mkondo mkubwa ukipita hapo muda mrefu elektroni husukuma atomi za metali hadi njia ikatike. Kwa hiyo unashusha rundo zima. Kisha jingine. Kisha jingine.

Mwenzangu akaniona nabofya, akatikisa kichwa.

"Kaka, bado uko kwenye enzi za mkono? Chukua skripti yangu."

Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya ukoo wa Lisp, mabano juu ya mabano, lakini mantiki yake ilieleweka: tafuta metali ya 3 na ya 4 zinapopishana, hakikisha zote ni za neti moja, yaani zinatakiwa kuunganishwa kiumeme, jaza via kadiri nafasi inavyoruhusu. Nikaiendesha. Chipu nzima ikajaa via safi, zimejipanga kwa adabu ambayo mkono wangu haujawahi kuwa nayo. Tukapitisha DRC, ukaguzi wa kanuni za mchoro: makosa sifuri! Mwenzangu akaenda kumtangazia bosi.

Sasa, DRC hukagua maumbo tu, yaani via na via zimeachana kiasi gani, na metali imezifunika kingo vya kutosha au la. Nani ameunganishwa na nani, hayaihusu. Hayo ni ya LVS, inayolinganisha ulichochora na saketi uliyotakiwa kuchora. Na LVS haikuwa na furaha. VDD na VSS, yaani chanya na hasi, neti moja. Saa ya chipu? Humohumo. Riseti? Humohumo. Hata pini ya majaribio ambayo hatukuwa tumeamua itafanya nini, nayo imo. Tulikuwa tumebuni waya mmoja wenye sura ya chipu.

"Haiwezekani," akasema mwenzangu. "Mstari huu hapa unauliza majina ya neti."

Na kweli ulikuwa unauliza. Tatizo ni kwamba nyaya zangu nilizichora kama mistatili mitupu; jina liko kwenye lebo pembeni, mstatili wenyewe hauna habari. Skripti inauliza wa juu: unaitwa nani? Nil, yaani hakuna. Na wewe wa chini? Nil. Na kwa Lisp, nil ni sawa na nil. Ni kama karani anayekuta watu wawili wasiojua jina la baba yao, akawaandika baba mmoja mama mmoja na kugonga muhuri.

Tukarudi kwenye nakala ya asubuhi. Mwenzangu akaongeza sharti: ukikuta nil, pita. Nikaiendesha tena. Safari hii ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe, ikaandika chini ya skrini: via zilizowekwa, 0.

Tukatazama kimya.

"Unaona?" akasema. "Sasa haikosei kabisa."