Ngome ya Punakha imenifanya niifikirie upya Fort Jesus yetu

Mimi kwetu Mombasa, Kibokoni, ila huu mwaka wa nane niko Dubai natafuta riziki. Aprili nilichukua likizo nikaenda Bhutan, nchi ndogo ya Wabudha huko milima ya Himalaya, na tangu nirudi kuna jambo limenikaa rohoni.

Gharama zipo jamani, mgeni kama mimi analipa serikali dola 100 kwa usiku, hoteli unalipia mbali. Kutoka Thimphu, mji mkuu, gari linapanda hadi Dochula, sehemu ya juu ya barabara mlimani, mita 3,100 hivi, baridi ya mifupa, halafu mnateremka mnateremka mpaka bonde la Punakha na joto linarudi, migomba, mashamba ya mpunga, unavua sweta. Mito miwili inakutana pale, Pho Chhu wanasema ni mwanamume na Mo Chhu mwanamke, na kwenye makutano ndio ngome yenyewe, dzong wanaiita, kuta nyeupe, madirisha ya mbao ya nakshi (nilikumbuka milango ya Lamu) na jakaranda zimemwaga maua ya zambarau.

Ilijengwa 1637 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, yule aliyeiunganisha nchi. Imeshaungua, na 1994 ziwa la barafu lilipasuka huko juu, mafuriko yakaua watu yakaipiga na ngome, wakaitengeneza tena. Lakini kilichonishika zaidi ni mzee mmoja mlangoni. Amevaa gho, lile vazi lao la kufunga kiunoni, bahasha mkononi, akasimama kwanza akakunjua shuka yake nyeupe akaipitisha begani akailaza vizuri, vile babu alivyokuwa akiweka sawa kofia kabla ya kuingia msikitini, ndio akaingia. Nikadhani anaenda kuabudu, kumbe ua wa kwanza ni wa shughuli za utawala wa wilaya, mzee ana shida yake ya ofisini! Watawa wako ua wa ndani, na msimu wa baridi mkuu wao, Je Khenpo, anahamia hapo.

Sasa Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, inaizidi hii umri. Wareno waliijenga, baadaye ikawa jela mpaka 1958, leo makumbusho. Hata hapa Dubai ngome ya Al Fahidi iligeuzwa makumbusho. Sisemi ni vibaya, zinatunzwa, ila mtu wa Mji wa Kale ana shughuli gani mle ndani? Anapita nje tu miaka yote. Mimi naona tuweke kitu cha kumwingiza mwenyeji, darasa la kuchonga milango, mahali pa kuandikisha ndoa, hata meza mbili za kaunti. Lamu ngome yao ina maktaba, na vijana wanaingia kusoma.

Usiku wa siku ile ya Punakha nilimpigia mama nikamuuliza ameingia Fort Jesus mara ngapi, na nyumba yetu ni dakika kumi kwa mguu. Akanyamaza kidogo, akasema mara moja, mwanangu, na shule, nilikuwa darasa la sita.