Mti Usioguswa na Mdudu Unamlisha Nani?

Wiki jana kamati ya mtaa wetu hapa Mamboleo, Kisumu, ilituma ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp: mvua inakaribia, kila boma lichange pesa za miche, na miche yenyewe ni mwashoki na mitende ya mapambo, "kwa sababu haiingii wadudu". Watu wakajibu kwa vidole gumba. Mimi ujumbe huo umenikaa rohoni mpaka sasa, maana hicho wanachokisifia ndicho hasa kinachonitia uchungu.

Jamani, makinda hulishwa nini? Ndege chozi tunamwona kila asubuhi akinyonya mbochi, yale maji matamu ya maua, tukadhani ndicho chakula chake chote. Akishaangua mayai, hushinda akiwinda wadudu na buibui, kwa sababu kinda halinenepi kwa maji matamu. Ndege wengi wa mabomani ni hivyo hivyo. Na wadudu hao wengi wanakulia kwenye majani. Kila mti una sumu na utomvu wa kujilinda, na kiwavi anayeweza kuutafuna ni yule ambaye ukoo wake umeishi nao tangu enzi na enzi. Mwashoki ulitoka India na Sri Lanka, jakaranda Amerika Kusini, mkalatusi na mgrevilea Australia. Viwavi wetu wengi hawana wanachoweza kula hapo.

Sasa nenda ukasimame chini ya musine, mti wa kienyeji uliojaa kule Kakamega. Tafuta jani lililotafunwa ukingoni. Ukibahatika utamkuta kiwavi wa kijani mwenye pembe kichwani, ametulia kabisa, rangi yake na ya jani huwezi kuzitenganisha. Anaitwa Charaxes candiope, na akishakuwa kipepeo huruka kwa kasi sana. Utamwona akifyonza mapera yaliyooza chini ya mti. Viwavi wake hula majani ya jamii ya musine. Tukikata musine zote na ndugu zake, hata tupande maua ya waridi kila kona, kipepeo huyo hatakuwa na pa kutagia, na ndege waliokuwa wakidonoa viwavi wake watatafuta riziki kwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia mti wake hauguswi na mdudu, mimi nasikia kwamba mti huo haumlishi yeyote.

Sawa, mgrevilea una mbao na kuni, unakua upesi, na nyuki huyapenda maua yake. Mwembe na mparachichi nayo ni migeni, na simwambii mtu aing'oe, watoto wanakula. Lakini boma zima la wageni watupu? Wanaosema miti ya kienyeji huleta nyoka, nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka tunazotupa wenyewe.

Serikali ilitangaza mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa siku ya mapumziko tupande. Nilifurahi, na bado naunga mkono. Ila mabomani mwetu tumezoea kuhesabu miche bila kuuliza ni ya mti gani.

Hata vitalu vimeshatuzoea. Nilisimama kwenye kimoja kando ya barabara ya Kakamega, nikamwuliza mwenyewe kama ana siala, mti wetu wa kienyeji. Akatikisa kichwa. "Hiyo haina mteja, mwanangu. Nenda chini ya mti mkubwa, utaichimbua bure." Nilisikitika kwa ajili yake, maana ni mtu anayeijua miti vizuri na anapanda tunachotaka sisi. Lakini alisema kweli. Chini ya siala iliyokomaa huwa kuna maotea, kwa sababu maganda yake marefu yakipasuka, mbegu zina mabawa na hupeperuka. Chimbua mche mdogo jioni baada ya mvua, pamoja na udongo wake, usiutikise mizizi. Baada ya miaka michache utakuwa na maua ya manjano yenye mistari myekundu ndani, nyuki wamejaa, na mipini ya majembe juu yake. Wazee wetu waliipanda mipakani mwa mashamba wala hawakuhitaji kuhamasishwa.

Orembe, mti ambao Waluhya huuita murembe, ni rahisi zaidi: kata tawi nene, liache likauke kidonda, lichomeke ardhini. Huchanua maua mekundu wakati umepukutisha majani, na ndege chozi hawatoki hapo. Ng'owo, mti wa jamii ya mkuyu, ni baba lao kwa kulisha ndege, lakini kwenye ploti ya hamsini kwa mia, karibu na ukuta au shimo la choo, usijaribu. Huo tuuombee nafasi shuleni na kanisani. Na tafadhali, ukishapanda, ile bomba ya dawa iache stoo. Jani lenye matundu si jani gonjwa.

Unayepanga ghorofani naye usijitoe. Panda mitoo, ile mboga ya kienyeji, kwenye karai, chuma mboga kama kawaida, lakini mashina mawili yaache yachanue. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa watakuja wenyewe. Pale soko la Kibuye hukosi mama wa kukuuzia mbegu.