Dawa ya chandarua isimwagwe shambani

Vyandarua vinapogawiwa, watu huuliza vimetosha kaya ngapi. Mimi nataka tuulize pia vimetiwa dawa gani. Kati ya mwaka 2000 na 2015 vyandarua vilichangia takriban theluthi mbili ya visa vya malaria vilivyoepukwa Afrika, na vyote hivyo vilitegemea kundi moja la dawa: pairethroidi. Kundi hilohilo likapuliziwa kwenye kuta za nyumba, likapigwa kwenye pamba na mboga. Mbu waliolihimili ndio waliobaki wakazaa.

Afrika Kusini iliyaona haya mapema. Mwaka 1996 iliacha kupulizia majumbani DDT, dawa ya zamani ya kuulia wadudu, ikahamia pairethroidi. Mbu wa malaria wa jamii ya anofelesi, *Anopheles funestus*, aliyekuwa ametokomezwa huko, akarudi katika jimbo la KwaZulu-Natal akiwa sugu, na kufikia mwaka 2000 wagonjwa nchini walizidi 60,000. Ni kweli, vimelea vya malaria navyo vilikuwa vimeanza kushinda dawa za kutibu. Lakini DDT ilibidi irudishwe.

Leo tuna silaha mpya, dawa iitwayo klofenapiri, nami naiogopea. Mbu wengi sugu wana vimeng'enya vinavyoivunjavunja pairethroidi kabla haijawadhuru. Klofenapiri inaingia kwa mlango huohuo: vimeng'enya hivyo vikiigusa, ndipo inapogeuka sumu kamili na kuzima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli za mbu. Kinga yake ndiyo inayomuua. Katika utafiti wa Misungwi, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2022, watoto waliopewa vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu katika miaka 2, wakilinganishwa na waliopewa vya pairethroidi pekee. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Sasa, klofenapiri ilianza maisha yake kama dawa ya kilimo, na hadi leo inauzwa kuulia wadudu wa mboga. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dawa ikipigwa bustanini, mvua huisomba hadi kwenye madimbwi na mifereji ya umwagiliaji, na humo ndimo viluwiluwi wa anofelesi wanamokulia. Mbu anaweza kuanza kuchujwa na dawa, dhaifu akafa na sugu akabaki, kabla hajakutana na chandarua hata kimoja. Mkulima simlaumu, viwavi wanamla mazao na yeye hununua kilichopo dukani. Mwenye kalamu ya kuidhinisha kiuatilifu ndiye anayepaswa kutazama mbali zaidi, kwa sababu mboga zina dawa mbadala nyingi, ilhali kwa chandarua machaguo ni ya kuhesabika kwa vidole.

Wapo wanaosema vyandarua vipya ni ghali, tuendelee na vya zamani. Palipo na mbu sugu, sioni akiba yoyote hapo: tofauti ya bei italipwa wodini. Wala nisieleweke kwamba chandarua cha zamani kitupwe. Kikiwa kizima bado kinamzuia mbu asikufikie.

Ninachodai ni kwamba wataalamu wa malaria waketi kwenye meza ya usajili wa viuatilifu, wakiwa na haki ya kusema hapana. Na matokeo ya vipimo vya usugu yatangazwe wilaya kwa wilaya, kabla ya zabuni ya vyandarua kufunguliwa.