Vuvuzela, Kipara na Msiba wa Singida

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kucheka, niweke mambo sawa: yale hayakuwa mate. Jirani yangu wa chumba cha pili kaandika kwenye kundi la mtaa kwamba nimemtemea mwenye nyumba. Uongo mtupu. Ukipuliza vuvuzela kipindi kizima, pumzi ya moto inagusa plastiki inageuka maji. Ni mvuke. Haya, na mate kidogo.

Vuvuzela yenyewe ni ya huyohuyo mtoa taarifa. Anayo tangu Kombe la Dunia la 2010, na hujigamba aliipuliza Tshabalala wa Afrika Kusini alipowafunga Mexico pale Soccer City, Johannesburg. (Alikuwa baa, Temeke. Tulikuwa wote.) Sidhani kama imewahi kuonja sabuni.

Sasa Jumamosi. Kodi sijalipa, na mwenye nyumba nimeshampigia simu kwamba niko Singida msibani. Uwanja wa Mkapa una viti 60,000, lakini mzee mzima hakuona pa kukaa ila mbele yangu, kofia ya Yanga kaishusha hadi masikioni. Mtu unamjuaje kwa mgongo?

Goli! Nikaruka, nikapuliza hadi mashavu yakauma. Mzee wa mbele akavua kofia akawa anaipunga. Kumbe mshika kibendera kashanyoosha mkono, ofsaidi, jukwaa limenyamaza, nimebaki napuliza peke yangu. Nikaishiwa nguvu, nikaishusha taratibu, mdomo bado umeganda tunduni.

Ndipo nikaliona tone. Limetambaa kutoka ndani, limefika ukingoni, linaning'inia. Chini yake kipara kinang'aa, na katikati ya kipara kovu ninalolijua vizuri, maana alilipata kwenye kizingiti cha mlango wangu siku aliyokuja kudai kodi ya Januari. Moyo ukasema inua. Mkono ukagoma. Tone likarefuka. Likatafakari. Likadondoka. Ndugu zake wote wakalifuata.

Akapapasa kichwa. Akatazama juu kutafuta wingu. Akanusa vidole (jamani, kwa nini anuse?). Akageuka.

Nami nimelelewa, mkubwa huamkiwa. Ila kitu bado kiko mdomoni. "Shikamoo" ikatoka BUUUUUU, mbele ya pua yake kabisa.

"Marahaba," akajibu huku akijifuta kwa skafu. "Huko Singida mmezika salama?"

Watu walicheka hadi wa safu za juu wakasimama kuuliza kuna nini.

Yaliyobaki ni mafupi. Nimekopa kwa shemeji, nimelipa mwezi mmoja, kofia nimefua mimi. Vuvuzela kaichukua iwe rehani ya miezi iliyobaki, na kila alfajiri anakuja kuipuliza dirishani kwangu. Na wewe jirani uliyesambaza habari, acha kunidai. Nenda ukaichukue mwenyewe, si unapajua kwake? Halafu ukifika umweleze vizuri, maana ninavyokumbuka mimi, wewe ulimwambia umelazwa.