Begi la won bilioni 1: ni tamaa au ni deni?

Filamu ya Korea Kusini Beasts Clawing at Straws, iliyoongozwa na Kim Yong-hoon, ilianza kuonyeshwa nchini mwake Februari 19, 2020, korona ikiwa ndiyo kwanza inawafukuza watu kwenye majumba ya sinema. Waliokuja kuiona baadaye nyumbani wameilaumu kwa mawili: kwamba kuchanganya mpangilio wa matukio ni mbwembwe, na kwamba inawadhihaki maskini kwa kutuchekesha huku wakitoana roho. (Ambaye hajaiona ajihadhari, mwisho wake unatajwa hapa.)

Lawama ya pili ndiyo nzito, nayo inaegemea neno tamaa: kwamba filamu inawaonyesha kama walafi tu. Tupige hesabu kwanza. Begi la Louis Vuitton ambalo Joong-man, kibarua wa sauna ya hoteli, analikuta kwenye kabati la wateja lina won bilioni 1. Noti kubwa ya Korea ni ya won 50,000, iliyoanza kutumika 2009, kwa hiyo humo mna noti 20,000, yaani vibunda 200 vya noti mia mia, kilo 20 hivi. Zingekuwa noti za 10,000, begi moja lisingetosha.

Sasa tuangalie mshahara. Kima cha chini mwaka 2020 kilikuwa won 8,590 kwa saa. Wakorea huhesabu saa 209 kwa mwezi, siku ya mapumziko yenye malipo ikiwemo. Hiyo ni won 1,795,310. Ili ufikishe bilioni 1 kwa mshahara huo, bila kula, bila kulipa pango, bila kumtunza mama aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, unahitaji miaka 46. Joong-man ni mtu mzima, mgahawa wa familia umeshafilisika mikononi mwake, na hata hicho kibarua cha sauna anakuja kufukuzwa. Miaka 46 hana. Anayemwita mlafi atuambie ni njia gani ya halali aliyoiona akaipita.

Wenzake nao wamefikishwa hapo na madeni. Tae-young, ofisa wa bandarini Pyeongtaek, anabanwa kwa deni aliloachiwa na mpenzi wake Yeon-hee alipotoweka. Mi-ran amepoteza fedha kwenye hisa, anafanya kazi baa, na nyumbani mume anampiga. Filamu ilipotoka, sheria ya Korea iliruhusu riba isiyozidi asilimia 24 kwa mwaka (Julai 2021 ikashushwa hadi 20). Ukikopa won milioni 10 kwa kiwango hicho, riba peke yake ni 200,000 kila mwezi, karibu siku tatu za kazi ya kima cha chini, na mkopo wenyewe bado hujaugusa. Huyo ni mkopeshaji mwenye leseni. Anayemfuata Tae-young ni wa kausha damu, na dhamana anayoijua ni mwili wa mdaiwa.

Wakosoaji wana hoja moja ya kiufundi inayostahili jibu. Fedha hizi zinatokana na bima ya maisha ya mume wa Mi-ran, na bima haikulipi vibunda mkononi. Tangu Julai 2019, benki za Korea zinatakiwa kutoa taarifa kwa kitengo cha serikali cha ujasusi wa fedha mteja akitoa au kuweka taslimu won milioni 10 au zaidi kwa siku. Bilioni 1 ni mara mia ya hapo. Ila taarifa si kizuizi: benki ina siku 30 za kuituma, na fedha ni zako, utaondoka nazo. Ambaye angepaswa kushtuka mapema zaidi ni mpelelezi wa kampuni ya bima, na filamu inamruka kabisa. Hapo imejirahisishia kazi.

Kuhusu mpangilio, mbwembwe zipo, sikatai. Lakini tungeipanga tangu mwanzo hadi mwisho, tungeanza na njama ya kumuua mume wa Mi-ran, na kila atakayeligusa begi baada ya hapo tungemhukumu kama mshiriki. Kim anaanza na kibarua anayefungua kabati. Tunazitamani fedha pamoja naye kabla hatujajua zilikotoka. Anayepotea ashike habari ya runinga kuhusu mwili uliokatwakatwa: ni wa Mi-ran, ambaye Yeon-hee alimchoresha tatuu ya papa kama yake ili polisi wadhani ndiye yeye. Ukilijua hilo, sura zote sita za filamu zinajipanga. Jeon Do-yeon, anayemwigiza Yeon-hee na mshindi wa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes 2007, anaingia filamu ikiwa imeshakwenda mbali, nasi bado hatujui tumwogope kiasi gani.

Begi linaishia kwa mke wa Joong-man, mfagiaji aliyeokota ufunguo wa kabati jingine lilimofichwa baadaye. Wapo wanaosema ni bahati nasibu tu. Mimi naona ni yeye peke yake ambaye hakulitafuta.

Panaponishinda kuitetea ni kwa Jin-tae, kijana mhamiaji kutoka China asiye na vibali. Anakubali kumuua mume wa Mi-ran, anaua mtu siye (mume anakuja kuuawa baadaye), majuto yanamzidi, Mi-ran anamgonga na gari. Baada ya hapo filamu inamwacha. Wengine wote wamefunguliwa daftari la madeni yao. Yeye ametumika kusogeza hadithi, basi, na kwa mhamiaji hilo linauma zaidi.