Futi nyingi au daraja la juu?

Kwenye viwanda vya kupasua mbao ngumu, ripoti ya jioni mara nyingi huanza na swali moja: leo zimetoka futi ngapi? Futi hapa ni futi ya ubao: mbao yenye unene wa inchi 1, upana wa futi 1 na urefu wa futi 1. Mpasuaji anayegeuzageuza gogo akitafuta uso safi, usio na vifundo, huonekana mzembe, maana mwenzake keshamaliza matatu. Nadhani anaonewa, ingawa si kila siku.

Wanaotetea wingi hawasemi upuuzi. Gogo limeshalipiwa, na mabanzi na vumbi la msumeno havirudishi gharama yake. Dakika za kugeuza nazo zina mshahara na umeme.

Ila mnunuzi wa mbao ngumu anaangalia zaidi ya futi. Kanuni za National Hardwood Lumber Association, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1898, hupima sehemu safi inayoweza kukatwa kati ya kasoro za ubao. Daraja la juu, FAS, hudai asilimia 83 na theluthi ya ubao iwe safi. Common Namba 1, daraja la chini ya hapo, hudai 66 na theluthi mbili.

Chukua ubao wenye unene wa inchi 1, upana wa inchi 9 na urefu wa futi 12. Hizo ni futi 9 za ubao. Ukingo mmoja una vifundo vidogo urefu wote, ndani ya inchi 2. Sehemu safi ni inchi 7 kati ya 9, karibu asilimia 78: Namba 1. Sasa kata inchi 1 tu ya ukingo ule. Safi ni 7 kati ya 8, asilimia 87.5, na ubao umeingia FAS huku bado una vifundo! Umetupa futi 1 kati ya 9; bei ya FAS ikiizidi ya Namba 1 kwa zaidi ya asilimia 12.5, umepata faida kwa kutupa mbao. Ripoti ya jioni itaandika hasara.

Lakini mwenye mashine ya kukata kingo anayependa ubao upendeze macho ataondoa inchi zote 2. Futi ya pili imekwenda bure, kwa sababu daraja halipandi tena. Na vifundo vingeishia inchi 1.5, ubao ungekuwa FAS bila kuguswa. Hapo watu wa wingi ndio wenye haki, na mtu wa daraja asiyejua kanuni ni ghali kuliko mpasuaji mwenye haraka.

Hata asilimia ya mavuno yenyewe, yaani futi zilizotoka zikilinganishwa na zilizokadiriwa kwenye gogo, inaweza kudanganya. Kipimo cha Doyle, fomula ya kukadiria futi za gogo kabla halijapasuliwa, hukata inchi 4 kwenye kipenyo cha kila gogo, dogo kwa kubwa. Gogo la inchi 12 lenye urefu wa futi 16 huhesabiwa futi 64. Kipimo kingine, International, hulihesabia futi 95. Meneja anayejisifia ziada ya futi juu ya makadirio ya Doyle kwenye magogo madogo anasifia fomula.

Gogo lenye vifundo pande zote nne ni kesi nyingine. Kuligeuza mara tano hakuleti uso ambao haumo. Hilo lipasuliwe haraka, moyo wake uachwe uwe taruma la reli, na muda uhifadhiwe kwa gogo lenye angalau pande mbili safi.