Maji ya pepo: ni ya baridi au ya Peponi?

Lamu imezungukwa na maji yasiyonyweka, ndiyo maana neno "maji" peke yake halikuwatosha wenyeji wake. Ya bahari ni ya chumvi. Yanayonyweka, kama yale ya visima vya Shela, ambako vilima vya mchanga hunywa mvua na kuihifadhi chini, ni maji matamu, ni maji baridi, na kwa lugha ya wazee ni maji ya pepo. Jina hili la mwisho ndilo lenye mjadala.

Wapo wanaolipeleka moja kwa moja Peponi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Marehemu huombewa aipate pepo, na Kurani, Sura ya 47 aya ya 15, inataja mito ya maji yasiyovunda miongoni mwa neema za huko. Kisiwani, ambako ndoo huweza kutoka kisimani na munyu, sifa kama hiyo haishangazi.

Wengine huanzia kwenye upepo, ambao wingi wake ni pepo. Katika lugha jamaa shina hilo limebeba ubaridi: Mkikuyu husema heho, Mnyarwanda imbeho, Mganda empewo. Kwa hesabu hiyo, maji ya pepo na maji baridi ni jina moja, mara kwa neno la Kibantu, mara kwa neno la Kiarabu. Naona upande huu ndio wenye uzito, kwa sababu hata "baridi" hapa haipimi joto: samaki wa Ziwa Victoria ni wa maji baridi hata jua likiwa la utosini. Wa Peponi nao hawakupotea mbali, kwani yaelekea Pepo yenyewe iliitwa hivyo kwa ubaridi wake.

Siku hizi ukiomba maji baridi dukani unapewa chupa ya friji, na maofisini yamebaki "maji safi na salama", kama isemavyo Katiba ya Kenya ya 2010 katika Ibara ya 43. Mtu anaweza kudai kwamba "salama" inajumuisha na kutokuwa na chumvi. Lakini maji meupe, yasiyo na takataka wala kipindupindu, mama wa Lamu huyaonja, akayatema, akayaweka ya kufulia. Tofauti hiyo "pepo" iliitaja waziwazi. Kasoro yake ni kwamba kijana wa leo akilisikia neno hilo hufikiria mashetani na ngoma za kupungwa, na kisima chenye kibao cha "maji ya pepo" huenda akakikimbia.